Uzito Juu ya Pipa la Kabichi

Kila jioni ya Novemba, Radostina alikuwa na kazi moja isiyokwepeka. Alifungua bomba dogo chini ya pipa la kabichi, akakinga maji ya chumvi kwa ndoo, kisha akayamimina tena juu ili kabichi zisioze.

Zamani kabichi zilibanwa kwa jiwe la mtoni la marehemu bibi yake. Mwaka huu baba yake, Ognyan, alikuwa ameokota mitungi miwili ya chuma, mizito ajabu, katika kiwanda cha karatasi kilichofungwa. Mmoja aliuviringisha kwa nailoni akauweka pipani. Wa pili ulikaa kando ya jiko, na mdogo wake Radostina, Mitko, akaufanya kigoda.

Shule ilipotangaza mashindano ya kukusanya chuma chakavu, Radostina aliutoa mtungi pipani, akarudisha jiwe la bibi, akaupeleka mtungi shuleni bila kumwambia yeyote nyumbani.

Kwenye yadi ya Mzee Stamen, mnunuzi wa chuma chakavu, lango lilikuwa na nguzo mbili nyeupe. Lori la shule lilipopita katikati yake, wanafunzi wakilifuata, king'ora kikalia.

"Dereva, umebeba mizimu?" akatania Lyuben, mwanafunzi mwenzake Radostina, na darasa zima likacheka.

Mzee Stamen hakucheka. Aliwasogeza wote mbali, akapiga simu. Haikupita saa moja akafika Dokta Nevena, mtaalamu wa mionzi, ameshika kifaa kisichozidi ukubwa wa kiatu. Alilizunguka lori polepole, akasimama, akanyoosha kidole pale pale ulipolala mtungi, chini ya baiskeli na masufuria.

Radostina alishikwa na mshangao hata akasahau kuogopa. Mtungi ule haukuwa na harufu, joto wala sauti, lakini nguzo zilikuwa zimeisikia mionzi yake kupitia ubavu wa lori.

Dokta Nevena alisoma namba iliyochongwa, akaitaja kwenye simu. Punde daftari la serikali likajibu: mtungi, wenye chembe ya mionzi ndani yake, uliletwa kiwandani miaka arobaini iliyopita, kupimia uji wa karatasi ndani ya matangi.

"Kifuniko chake ni kizima, hakuna aliyedhurika," alisema. "Ungeyeyushwa tanuruni, mji mzima ungelia. Lakini ilikuwa miwili. Wa pili uko wapi?"

Akilini Radostina alimwona baba yake amefungwa pingu. Kisha akamwona Mitko, amekalia kigoda chake, akikigongagonga kwa nyundo yake ya kuchezea.

"Uko jikoni kwetu," akasema, machozi yakimlengalenga. "Baba hakujua. Msimfunge."

Dokta Nevena akainama mpaka macho yao yakalingana. Akamweleza kwamba sheria haimshtaki anayesalimisha kitu kama kile kwa hiari.

"Walioitunga walijua, mwanangu, kwamba mwenye hofu ya jela angekizika bustanini. Nguzo zinasikia, daftari linakumbuka, lakini kinachobaki ni mtu kusema kweli."

Kabla ya jua kuzama, mtungi wa pili ulikuwa umeondolewa ndani ya sanduku nene. Kabichi zilipimwa, zikaonekana salama.

Ognyan alikaa sakafuni, palipokuwa kigoda, amempakata Mitko.

"Mimi niliokota nisichokijua, na wewe ukachukua bila kuuliza," alimwambia binti yake. "Tumekosa sote. Ila wewe ulisema kweli ukiwa unaogopa, na ndiyo maana huyu yuko hapa mzima. Kitu usichokijua, uliza kwanza. Ukishakosea, sema mapema."

Radostina akachukua ndoo, akaenda kufungua bomba la pipa. Juu ya kabichi, jiwe la bibi lilikuwa limetulia mahali pake.