Mlinzi Aliyefukuzwa Kila Asubuhi

Pale Kaisho, ukitaka kutoa kopi ya cheti, kupiga picha ya pasipoti au kuprinti kadi za harusi, huna haja ya kuuliza mara mbili. Utaambiwa, "Nenda kwa Mama Mucyo." Ukifika kwa Mama Mucyo, umefika.

Jina lake ni Uwiduhaye. Mumewe, Adelard, analima kahawa, migomba na maharage. Yeye ana duka la steshenari. Mle dukani mna kompyuta moja, printa moja, na mashine ya kopi inayolia kama mbuzi ikikosa karatasi.

Kila asubuhi Uwiduhaye huwasha kompyuta, kisha huchukua ufagio. Siku zile kompyuta ilipoamka, kiboksi kilitokea katikati ya kioo na kuuliza swali. Uwiduhaye alikuwa halisomi swali lile. Alibonyeza Hapana, akaendelea kufagia. Hapo kialama chekundu kilibaki pembeni, chini ya kioo. Kialama kile kilimkera, basi akakifunika kwa kibandiko cha picha ya Bikira Maria.

"Mama atulinde," alisema, akaanza kazi.

Usimcheke. Alikuwa na sababu yake. Huku kwetu mgeni akipiga hodi anakaribishwa kwanza. Anapewa kiti, anapewa kahawa ya kutafuna, ndipo anaulizwa habari iliyomleta. Kumsimamisha mtu mlangoni na kumwuliza "wewe nani, unataka nini" ni tabia ya watu wachoyo. Uwiduhaye alilelewa hivyo, naye akailea kompyuta yake hivyo hivyo. Hapo mwanzo, kila kilichopiga hodi kwenye kioo alikijibu Ndiyo.

Siku moja akaikaribisha programu ya nyimbo za bure. Mawe, mama wee! Ilikuja na ukoo wake mzima. Matangazo ya kamari yalijaa kwenye kioo hata mbele ya masista. Kompyuta ikawa inajikokota. Fundi mmoja wa kupita akaisafisha na kuweka programu ya ulinzi, yaani programu ya kuzuia virusi. Wakati wa kuondoka akamwambia, "Mama, kuanzia leo ukiulizwa lolote, jibu Hapana."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Uwiduhaye akatii, tena kwa moyo wote.

Mwaka huo parokia ilikuwa inajiandaa kwa jubilei ya miaka hamsini. Kamati iliamua kutengeneza kitabu cha picha za wazee walioianzisha. Mwenyekiti alikuwa Mzee Rwegoshora, mfanyabiashara wa kahawa, mtu wa Muleba. Kwa Mzee Rwegoshora, kazi nzuri zote zinafanyika Bukoba. Wanakamati walibishana mpaka sauti zikawakauka. Mwishowe akinamama wakashinda. Kazi ikapewa Mama Mucyo.

"Sawa, nitampa," alisema Mzee Rwegoshora. "Lakini ikiharibika naipeleka Bukoba. Asije mtu kunilaumu."

Uwiduhaye alifurahi hata akashindwa kula. Haikuwa kwa sababu ya kazi peke yake. Mama yake, marehemu Mukamusoni, aliingia nchi hii akiwa msichana, akaishi kwa kibarua. Alichuma kahawa kwenye mashamba ya watu mpaka mgongo ukapinda. Wenye mashamba walikuwa na picha zao ukutani. Mukamusoni alikuwa na picha moja tu. Padri alimpiga picha hiyo wakati kanisa linajengwa, akiwa na tofali kichwani, anacheka. Karatasi ya picha ile ililiwa na mchwa. Iliyobaki ilikuwa nakala ndani ya kompyuta ya Uwiduhaye, na sasa mama yake alikuwa anaingia kitabuni pamoja na wenye mashamba.

Kazi ya kukusanya picha ikaanza. Flashi ya kamati ilizunguka kama kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ilitoka Kimuli ikaenda Kihanga, ikarudi Kaisho. Kila mwenye kompyuta aliichomeka, akaongeza picha zake, akampa mwenzake. Nani huku kwetu anafuta mdomo wa kibuyu kabla ya kunywa?

Asubuhi moja mwalimu wa kwaya, Nizigiyimana, aliileta flashi ile dukani. Uwiduhaye akaichomeka. Akafungua. Picha hazikuwepo. Palikuwa na vialama vyenye vimishale tu. Akabonyeza kimoja, hakuna kitu. Akabonyeza kingine, kompyuta ikaganda kidogo. Akakimbilia folda yake mwenyewe ya jubilei. Nayo ilikuwa tupu.

"Nizi," alisema polepole, "picha za wazee zimekwenda wapi?"

"Mimi nimeileta tu, Mama Mucyo. Mimi ni mtu wa nyimbo."

Uwiduhaye akaitafuta picha ya mama yake. Haikuwepo. Akakaa kwenye katoni la karatasi. Hakulia mbele ya mteja, lakini moyoni alikuwa analia.

Winston, jirani anayeuza chaja na vioo vya simu, akaingia na ushauri wake. Winston ana ushauri kwa kila jambo.

"Kwanza futa flashi yote," alisema. "Pili, hicho kiboksi kinachokuuliza kila asubuhi, kizime kabisa kwenye mipangilio. Mimi cha kwangu nilikizima zamani. Sisumbuliwi!"

"Na kompyuta yako haina virusi?"

Winston akakuna kichwa. "Inavyo. Ila nimevizoea."

Wakati huo Adelard aliingia na mkungu wa ndizi begani. Alisikia habari yote akiwa bado amesimama.

"Usifute kitu," alimwambia mkewe. "Hata mgomba ukipata mnyauko, tunamwita kwanza bwana shamba auone. Mwalimu Joviana yuko nyumbani, shule zimefungwa. Namfuata sasa hivi."

Mwalimu Joviana anafundisha kompyuta sekondari kule Kihanga. Amefundisha watoto, na sasa anafundisha watoto wa watoto hao. Likizo hukaa Kaisho, nyumba ya jirani na akina Uwiduhaye. Alikuja amevaa kitenge na kandambili, miwani kichwani.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Uwiduhaye.

"Marahaba, mwanangu. Pole. Hebu nipe kahawa kwanza, nitafune huku naangalia."

Akapewa kahawa. Akatafuna punje mbili. Kisha akachomoa flashi, akasema, "Zima kompyuta, uiwashe tena. Fanya kama unavyofanya kila siku, nami nitazame."

Uwiduhaye akawasha. Kiboksi kikatokea. Kidole chake kikaenda chenyewe kwenye Hapana, akabonyeza.

"Ngoja!" mwalimu aliruka. "Umemjibu nani?"

"Sijui, mwalimu. Niliambiwa nijibu Hapana."

"Na huyu Bikira Maria hapa chini amefunika nini?"

Uwiduhaye akaona aibu. Akabandua kibandiko. Kialama chekundu kikaonekana. Mwalimu Joviana akacheka mpaka miwani ikamwangukia puani.

"Mwanangu, usimtwishe Mama wa Mungu kazi ya mlinzi uliyemfukuza mwenyewe! Hebu sikiliza. Ndani ya kompyuta kuna mfumo unaoiendesha. Huo ndio mwenye nyumba. Programu nyingine zote ni wageni na wafanyakazi. Programu ikitaka kugusa mambo makubwa, mwenye nyumba anaizuia mlangoni kwanza. Anakuuliza wewe: nimruhusu? Hicho ndicho kiboksi chako."

"Kumbe kiboksi siyo adui?"

"Ni bawabu mzuri sana. Sasa mlinzi wako wa virusi anahitaji funguo za vyumba vyote. Bila funguo atakaguaje? Kwa hiyo kila asubuhi kompyuta inapowaka, anakuja kuomba. Mwenye nyumba anamzuia, anakuuliza. Wewe unasema Hapana. Anarudi nje. Hicho chekundu kilikuwa kinakuambia: leo hatuna mlinzi."

Uwiduhaye akashika mashavu. "Waitu! Kila siku?"

"Kila siku uliyomjibu hivyo."

Winston, ambaye alikuwa bado mlangoni, akadakia. "Si ndiyo nilisema? Kizimwe hicho kiboksi, mlinzi apite!"

"Ukikizima," alisema mwalimu, "atapita mlinzi, na mwizi, na mbwa wa mwizi. Mtu haong'oi mlango wa nyumba ili mlinzi aingie bila kugonga. Wewe Winston, jioni niletee kompyuta yako, nisione aibu kukaa jirani na wewe."

Watu wakacheka. Winston naye akacheka, maana hana kinyongo.

"Sasa nijibu Ndiyo au Hapana?" aliuliza Uwiduhaye.

"Usijibu kabla ya kusoma. Kiboksi kinakuonyesha jina la programu na jina la aliyeitengeneza. Jiulize: namjua? Na je, ni mimi niliyemwita? Ukiona jina la mlinzi wako na mtengenezaji amethibitishwa, mruhusu. Ukiona mtengenezaji hajulikani, na wewe hukuita mtu, mkatalie. Kwenye kompyuta, kumwuliza mgeni mlangoni siyo uchoyo."

Kisha akamweleza kwa nini swali lilirudi kila asubuhi. Programu ile ya ulinzi ilikuwa toleo la zamani. Mifumo ya sasa hairuhusu programu yenye nguvu kubwa ijiamshe yenyewe kwa njia ile ya zamani. Dawa yake ni kupakua toleo jipya kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wenyewe, siyo kuazima la mtu kwenye flashi. Toleo jipya linaomba ruhusa wakati wa kuliweka. Baada ya hapo mfumo unalitambua, na linaamka pamoja na kompyuta bila kuomba kila siku.

"Keti wewe kwenye kiti," mwalimu alimwambia. "Mimi nitashika kahawa tu. Duka ni lako."

Uwiduhaye akaketi. Akaunga bando la simu, akaingia kwenye tovuti, akapakua. Kiboksi kikatokea. Safari hii alisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama msomaji wa kanisani. Jina la programu lilikuwa lenyewe. Mtengenezaji alithibitishwa. Akabonyeza Ndiyo. Mlinzi akaingia, akaanza kukagua chumba kwa chumba. Alikamata virusi kwenye kompyuta. Flashi ilipochomekwa na kukaguliwa, akakamata vingine.

"Na picha?" Uwiduhaye aliuliza.

"Virusi vya aina hii mara nyingi havifuti, vinaficha. Ndiyo maana nashukuru mumeo alikataza kufuta. Fungua hapa, uiambie kompyuta ionyeshe mafaili yaliyofichwa."

Uwiduhaye akabonyeza. Folda zikarudi. Wazee wa Kimuli wakarudi, wa Kihanga wakarudi, na katikati yao akarudi Mukamusoni na tofali lake kichwani, anacheka. Hapo Uwiduhaye alilia kweli, wala hakumficha mtu. Adelard akamshika bega.

Mwalimu hakumwacha hapo. Alimfundisha kufanya kazi za kila siku kwa akaunti ya kawaida, na ile akaunti yenye mamlaka yote aiwekee paswedi anayoijua yeye. Akamwambia anakili picha zote kwenye diski nyingine, diski iwekwe nyumbani, mbali na duka. Na flashi yoyote ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Walipowasha kompyuta tena, hakuna aliyeuliza swali. Kialama cha pembeni kilikuwa cha kijani. Kibandiko cha Bikira Maria kikahamia juu ya printa, kwenye heshima yake.

Haikupita muda, Mzee Rwegoshora akaingia na flashi yake mwenyewe. Alikuwa amesikia maneno ya mtaani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia kazi imeharibika. Kama ni kweli nichukue picha niende Bukoba. Kama siyo kweli, chomeka hii haraka, kuna picha ya katekista wa kwanza."

"Kazi ni nzima, mzee. Nitachomeka, ila tutaikagua kwanza kabla ya kuifungua."

Mzee akakunja uso. "Unaikagua flashi yangu mimi? Mwenyekiti?"

Zamani Uwiduhaye angeinamisha kichwa. Siku ile alitabasamu tu. "Mzee, hata ng'ombe wa mwenyekiti hupita kwenye josho."

Akamvutia kiti, akampa kahawa ya kutafuna. Mlinzi akakagua. Punde akapiga kelele: kimekamatwa kirusi, kile kile cha kuficha picha. Mzee Rwegoshora akaacha kutafuna.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewaletea?"

"Hatujui, mzee. Flashi zetu zote zilikunywa kibuyu kimoja. Cha muhimu sasa mlangoni kuna mtu."

Mzee akaomba aonyeshwe kila kitu. Aliona kialama cha kijani. Aliona kurasa zilizokwisha pangwa. Kisha akasema, "Endelea, mwanangu. Bukoba waendelee na yao."

Siku ya jubilei kanisa lilifurika. Kitabu kilipita mkono kwa mkono, watu wakiwatafuta wazee wao, wakipiga vigelegele. Wageni kutoka parokia nyingine wakamzunguka Mzee Rwegoshora.

"Kazi safi sana hii! Mmeitengenezea wapi Bukoba? Nasi tupelekeni."

Mzee alijivuna kana kwamba ameipanga kwa mikono yake.

"Bukoba ya nini?" alisema kwa sauti ambayo hata kwaya waliisikia. Akafungua ukurasa wa Mukamusoni, akauweka mbele yao. "Mnamwona mama huyu mwenye tofali? Alilijenga kanisa hili. Na kitabu hiki kimejengwa hapa hapa Kaisho, na binti yake."