Wivu wa Fundi Vigae

"Dada, simama! Hicho kigae bado kibichi!"

Fundi vigae alichelewa kuonya. Kiatu chekundu kilikuwa kimeshatua. Mlango wa soko ulifurika watu na vikapu, na mwenye kiatu, msusi aliyevaa gauni la njano lililomkaa sawasawa, akaganda mguu mmoja juu.

"Sasa niruke au nibaki humu humu?"

"Baki tu. Soko litapendeza."

Akacheka. "Lafudhi yako si ya hapa."

"Wala yako."

Wote wawili walikuwa wahamiaji. Fundi alifuata kazi. Msusi alimfuata shangazi yake mwenye saluni. Haukupita muda, ikawa jioni haiishi bila simu.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula. Na wewe, mzee wa vumbi?"

Ila msusi aliupenda mji, na mji ukampenda. Majirani walimtania dirishani, wateja walimletea umbea hata siku ya mapumziko. Fundi alikuwa na yeye tu. Jumamosi akimpigia, simu inaita mpaka inakata.

Jioni moja wakiwa chumbani kwa fundi, simu ya msusi ikaita. Kwenye kioo: Kocha.

"Nitakuja, Kocha. Nikukose vipi?"

Fundi akasogeza sikio karibu na simu. "Huyo nani?"

"Kocha wetu wa mpira wa pete. Si nilikwambia?"

"Hukuniambia ana sauti nzito hivyo."

"Nimpe dawa iwe nyembamba?"

Fundi hakucheka. "Tuoane, turudi nyumbani. Watu wa huku wamekuharibu."

Tabasamu likafutika usoni mwa msusi. "Ukitaka kunioa, iwe kwa kunipenda, si kwa kumwogopa mtu."

Akachukua mkoba, akaondoka. Tangu hapo hakupokea simu.

Jumamosi fundi alinyoosha shati, akaenda uwanjani kumwona mwizi wake. Alimkuta: mrefu, filimbi shingoni, anafokewa na mkewe, mfungaji wa timu, mbele ya watu wote. Fundi akakosa pa kuielekeza hasira yake. Kisha akamwona msusi, jasho linamtiririka, anacheka katikati ya wanawake waliomkumbatia kama dada yao. Wivu haukuisha, ulihama tu.

Msusi akamfuata. "Umekuja kunichunguza?"

"Nimekuja kumchukia Kocha, nimeshindwa. Kumbe nakuonea wivu wewe. Una watu. Mimi usipopokea simu, mji mzima unakuwa mtupu."

Msusi akamfuta vumbi begani, polepole. "Mpenzi, siwezi kuwa mji wako mzima. Nitachoka, na utanichukia."

"Sijui pa kuanzia."

Msusi akageuka. "Kocha! Timu yako ya wanaume ya mpira wa miguu imepata kipa?"

"Bado. Huyo anajua kudaka?"

"Anadaka vigae."

"Aje kesho!"

Kesho yake fundi alifungwa mabao mengi, akazomewa, akacheka nao. Wiki zikapita. Wenzake wakaanza kumpitia nyumbani, na alipoposa tena, hakutaja kurudi. Msusi alimrukia shingoni hata kabla hajamaliza sentensi.

Papo hapo fundi akampigia mama yake.

"Mama, nimepata mchumba. Harusi tutafanyia huku."

"Huku wapi, mwanangu?"

Fundi akamtazama msusi. Nje, wenzake walikuwa wanamwita kwa kelele, mazoezi yameanza.

"Huku kwetu, Mama."