Picha ya Watoto Watatu

Célestine aliita jina moja, akaitikiwa mara mbili.

Ilikuwa Jumapili mchana, sebuleni kwao Malvern. Emery, mpiga picha, alikuwa amekaa kochini akieleza mpango wa safari. Jumamosi wangekwenda bwawa la Hartbeespoort, watandike shuka kwenye nyasi, na watoto waachwe wajichezee.

"Tusibasimamishe kama picha ya masomo," alisema. "Mama, ubebe bisikuti. Uwaite majina, bacheze, bakimbie. Mi nitapiga tu. Saa kumi jua linakuwaka muzuri."

Alitaka wazoee kuitwa mbele ya kamera. Célestine akaita, "Cédric!" Cédric akaitika. "Jocelyne!" Akaitika. "Orpha!"

"Niko hapa, mama," alisema msichana wa miaka sita aliyesimama karibu na televisheni. Na kutoka chumbani, ambako hakukuwa na mtu, sauti nyembamba ikasema maneno yaleyale, ikachelewa kidogo.

Emery alicheka. "Eish, nyumba yenu iko na mwangwi." Célestine hakucheka, kwa sababu yule wa karibu na televisheni hakuwa Orpha. Aliitwa Bushra, mtoto wa jirani yao Mtanzania. Célestine alikuwa amemwazima.

Mimi nitasema, maana mwenyewe hakusema. Orpha alikuwa kitinda mimba wake, na alikufa miaka miwili iliyopita akiwa na miaka minne. Alikohoa Alhamisi, akashikwa na homa Ijumaa, na Jumamosi saa kumi alasiri akakata roho, mama yake yuko saluni Jules Street anamsuka bibi harusi. Ijumaa ile bibi yake Orpha, mama wa Célestine, alikuwa amepiga simu kutoka kwao Uvira. "Peleka mutoto kwa munganga." Célestine akajibu, "Nimeisha kumupeleka, mama." Hospitali hakuiona hata mlango. Basi mtoto alipokufa angesema nini? Aliona haya, akasema amepona. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yake ilikwenda miaka miwili: Orpha yuko shule, Orpha amelala, Orpha anakusalimia. Sasa bibi alitaka picha ya wajukuu wote watatu. Célestine akaenda kwa fundi, akashonesha kitenge cha aina moja, shati na magauni mawili, akamfundisha mtoto wa watu kuitika jina la marehemu. Mama yake Bushra aliambiwa ni matembezi tu.

"Umesikia ile sauti?" alimnong'oneza mumewe, Firmin, Emery alipoondoka.

"Nimesikia."

"Tuache hii mambo?"

"Halafu tutaambia mama yako nini?"

Jumatatu Bushra alikuja kujaribu gauni. Kitenge kilikuwa kipya, kimetoka kwa fundi asubuhi hiyo, lakini kifuani kilikuwa na doa la mafuta, nalo lilinuka dawa ya kifua, ileile aliyokuwa akimpaka Orpha. Célestine alikifua mara tatu. Jumatano, wakinywa chai, Bushra alibandua ganda la mkate akampa Jocelyne bila kumtazama, kama Orpha alivyokuwa akifanya kila siku, na Jocelyne, mtoto wa miaka minane, akaanza kulia. Alhamisi Bushra akakohoa.

Ijumaa akashikwa na homa. Hapo mwenye akili angeacha. "Mafua tu hayo," alisema mama yake Bushra mlangoni, "na amelia kutwa anataka kwenda na wewe, dada." Célestine angeweza kusema yote pale pale. Akasema asante, dada. Mficha maradhi kilio humfichua, na huyu alikuwa anakisikia kilio na bado anaficha.

Jumamosi bwawani palikuwa pazuri, upepo kidogo, familia nyingine zinachoma nyama. Emery alitandika shuka, akamwaga biskuti, akawaambia watoto wakimbie. Cédric na Jocelyne walikimbia. Bushra alilala ubavu akitetemeka, na kadiri jua lilivyoshuka ndivyo harufu ya dawa ilivyopanda mpaka ikaishinda ile ya nyama choma, na kikohozi kile kikavu kikawa kinatoka mara mbili mbili, mara kwenye kifua cha mtoto na mara kwenye nyasi tupu pembeni yake, na Célestine akiangalia saa ya simu akaona imebaki robo kufika saa kumi, na Bushra akafumbua macho, akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ambayo haikuwa yake, "Mama, unaenda tena saluni?"

Neno hilo hakuna aliyelijua zaidi ya Célestine na yule aliyeachwa kitandani siku ile.

Célestine alipiga simu Uvira. Firmin alimnyooshea mkono kama wa kumzuia, kisha akaushusha.

"Mama," alisema, "Orpha alikufa. Inapata miaka mbili. Sikumupeleka kwa munganga. Nilikudanganya."

Bushra akatokwa na jasho, akaketi, akaangalia watu kama mgeni. "Nataka kwa mama," alisema kwa sauti yake mwenyewe. Firmin akambeba, akakimbia naye kwenye gari.

Célestine aliibana simu sikioni.

"Célestine," bibi alisema, "kama alikufa, ni nani anabakiaka kwa simu?"

"Simu gani, mama?"

"Kila Jumapili. Weye unaaga, unaenda, yeye anabakia. Ananiambiaka mimi bibi yake, 'Koko, usikate, mama hanisemeshake tena.' Namuimbia mpaka ananyamaza. Nilizani unamupatia simu."

Kisha, karibu kabisa na sikio la Célestine, sauti nyembamba ikauliza, "Koko, mama anasema nini? Mi nilikufa?"

"Muulize mama yako, mwanangu," bibi akajibu, akilia.

Emery alikuwa amesimama na kamera mkononi, na watu wa shuka za jirani walikuwa wamegeuka kutazama. Célestine alitamani kuitupa simu majini. Aliona aibu hata ya kufunika uso wake.

"Mama?" ikaita sauti.

"Ndiyo, mwanangu," Célestine alisema. "Ulikufa. Nilikuacha peke yako."

Upande wa pili mtoto alianza kulia, na Célestine hakukata simu.