Feni Moja Inatosha, Merle

"Zima hiyo feni, Merle. Tumebaki na asilimia thelathini na nane."

Clive hata hakumtazama mkewe aliposema hivyo. Macho yake yalikuwa kwenye simu, kwenye ile programu ya kupimia betri ya karavani, ambayo siku hizi aliitazama kwa mapenzi zaidi kuliko alivyomtazama mwanamke aliyemuoa.

Merle alikuwa amelala chali, kitambaa cha maji usoni, feni mbili ndogo zikimpulizia shingoni. Ilikuwa Oktoba ya kaskazini mwa Australia, mawingu yanajaa kila alasiri na mvua hainyeshi, na kila mstaafu mwenye akili zake alishaburuta karavani yake, nyumba yake ya magurudumu, kurudi kusini kukimbia joto.

"Jana nilianguka kwa kizunguzungu," Merle alisema. "Leo unataka nizime feni."

"Sijasema zote. Zima moja. Feni moja inatosha."

"Kwako wewe."

"Betri ikifa pampu ya maji nayo imekufa. Utakunywa nini? Halafu usisahau, wewe ndiye uliyetaka kivuli. Sola zimelala huko juu kwa sababu yako."

Hapo alikuwa na haki kidogo, na ndiyo maana maneno yalichoma. Walipofika pale mtoni Merle ndiye aliyeomba waegeshe chini ya miti mikubwa, na paneli za juu ya paa hazikuwa zikipata jua la maana. Aliunyoosha mkono akazizima feni zote mbili. Hewa ikasimama. Clive akasema asante, kama mtu aliyepewa chumvi mezani.

Saa kumi na moja jioni, kama ilivyo desturi ya watu wa karavani, kila mmoja alibeba kiti chake na kinywaji chake wakakaa duara. Duara lenyewe lilikuwa limebaki la watu wanne. Majirani zao walikuwa Barry, mzee kutoka mji wa Bendigo aliyependa kuongea habari za betri kuliko za wajukuu, na mkewe Glenys, aliyeleta jibini na biskuti ambazo joto lilikuwa limeshazilainisha.

"Mnasomaje leo?" Barry aliuliza. Ndiyo salamu ya watu hawa. Hawaulizani afya, wanaulizana asilimia.

"Thelathini na nane," Clive alijibu. "Nitafanyaje, bwana? Wenzangu wake zao wanakunywa divai. Wangu anakunywa betri."

Glenys alianza kucheka, akamwona Merle, akaacha.

"Kwa feni mbili?" Barry aliuliza.

"Mchana na usiku."

"Clive, usitufanye watoto. Feni hizo hata ziwake usiku kucha hazimalizi asilimia kumi ya betri kama yako. Kuna kitu kingine kinakula."

"Hakuna."

"Friji je?"

"Inatumia gesi."

"Basi kuna waya unavujisha umeme. Ngoja nilete kipimo changu."

"Nimesema hakuna kitu, Barry. Achana na betri yangu."

Clive alisimama, akakunja kiti, akaondoka na bia yake nusu. Merle alibaki anaangalia mikono yake. Aliona aibu, na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Alikuwa ameanza kumchukia.

"Shoga," Glenys alisema taratibu, "mumeo ana nini?"

"Sijui. Hataki nimguse. Analala na soksi katika joto hili. Nikimuuliza, ananisomea asilimia."

"Sisi tunaondoka kesho asubuhi. Ukitaka, kiti cha nyuma ni chako hadi mji wa Katherine. Pale utapata basi la kwenda kusini."

"Nimwache?"

"Mimi nimesema kiti. Mengine ni yako."

Usiku ule Merle hakuwasha feni hata moja, akaamka shuka zimeloa; akilini mwake mkoba ulishafungwa, ingawa wenyewe ulikuwa bado mtupu kabatini. Clive alikuwa nje akiokota kuni. Simu ilikuwa mezani. Merle akaifungua, akatazama betri.

Ishirini na moja.

Akaketi. Feni zimezimwa, taa zimezimwa, pampu haijaguswa, na betri imeporomoka vilevile. Mwezi mzima ameambiwa ni yeye. Akiwa bado ameshika simu, mtandao ambao huwa unakuja na kupotea ukaja, na ujumbe ukaingia. Mtumaji alikuwa herufi moja tu: J.

"Clive, bado inakaa baridi? Na Merle umeshamwambia? Uliniahidi ungemwambia kabla hamjaondoka. Nijibu tafadhali."

Akausoma mara ya pili. Kuna mwanamke, na mwanamke huyo analijua jina lake. Baridi ya nini hakuelewa, lakini alijua pa kuangalia. Kulikuwa na waya mnene uliotoka kwenye karavani hadi nyuma ya pikapu waliyoivutia karavani, ukaingia kwenye sanduku la bati ambalo Clive hulifunga kwa kufuli. Alishawahi kuuliza akaambiwa ni wa kuchajia zana. Akatoka na simu mkononi, akasimama pale kwenye waya.

"J ni nani?" aliuliza Clive alipotokea na kuni kifuani.

"Umeshika simu yangu."

"Nilikuwa naangalia betri. Si ndiyo ibada yako? J ni nani?"

"Janine. Siyo unavyofikiri."

"Sijakwambia nafikiri nini. Ndani ya sanduku mna nini?"

"Zana."

"Zana zinakula umeme usiku kucha huku mimi nachemka kitandani?"

"Merle, twende ndani tuongee."

"Hapana. Nauchomoa huu waya. Kama ni zana hazitaharibika."

Akainama, akaushika pale unapoungana. Kuni zikaanguka.

"Usichomoe." Sauti ya Clive ilikatika. "Tafadhali, mke wangu. Usichomoe."

Merle hakuwahi kumsikia akiomba hivyo, hata siku alipomposa. Akaunyoosha mkono. Clive akamwekea ufunguo kiganjani.

Ndani ya sanduku, kati ya jeki na kamba, kulikuwa na friji ndogo ya safari ikinguruma kama paka mgonjwa. Merle alikuwa amejiandaa kukuta shampeni au chokoleti za mwanamke mwingine. Alikuta kalamu za insulini, za kujidunga dawa ya kisukari, zimepangwa kwenye vifuko.

Hakuhitaji kusoma maandishi. Neville, mume wake wa kwanza, alizitumia miaka mingi kabla sukari haijamla mguu, kisha figo, kisha yeye mzima. Merle ndiye aliyemwosha, aliyemgeuza, aliyefunga kile kilichobaki cha mguu asubuhi na jioni.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Aprili. Janine ni muuguzi wa kliniki kule kwetu Ballarat. Ndiye aliyenifundisha kujidunga."

"Aprili tulikuwa bado nyumbani. Ulikuwa na nafasi ya kuniambia kila siku."

"Ningekwambiaje? Umesahau ulichonijibu siku ile nilipokuomba tuoane?"

Merle hakusahau.

"Ulisema utakwenda nami popote," Clive aliendelea, "lakini hutauguza mwanamume mwingine tena maishani. Ulisema nikitaka muuguzi nitafute muuguzi. Nikacheka. Nilikuwa mzima, ningefanya nini zaidi ya kucheka? Kisha daktari akaniita."

"Ukaona heri unidanganye."

"Niliona heri nipate safari moja na wewe. Nikadhani sola zitatosha. Halafu ukaomba kivuli, na sikuweza kukunyima kivuli bila kukwambia sababu."

"Kwa hiyo ukaninyima feni."

Clive akainama kuokota kuni zilizoanguka.

"Nijibu. Nilianguka, Clive. Ulinikuta sakafuni, ukaninyanyua, ukanipa maji, kisha ukaenda kuangalia asilimia. Jana umenicheka mbele ya watu kwa umeme uliokuwa unautumia wewe. Ungenizika hapa kwa kuogopa nitakuacha?"

"Nilijua ni vibaya. Kila siku nilijua."

"Na bado ukasema feni moja inatosha."

Alilia, na kilio kile kilikuwa cha hasira. Alimlilia Neville kidogo pia, na miaka ile ambayo hakuna aliyemrudishia. Clive alitaka kumshika, akarudisha mkono.

Kisha Merle akafuta uso, akatazama chini. Buti na soksi nene, asubuhi na jua linachoma namna ile.

"Vua viatu."

"Si lazima."

"Vua, Clive."

Akaketi kwenye ngazi ya karavani akavua. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kulia palikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu, kingo nyeupe, katikati peusi. Harufu ilimfika Merle kabla hajainama, na aliitambua.

"Unasikia maumivu?"

"Hata kidogo. Nilikanyaga kaa la moto wiki iliyopita, nikajua baada ya kuona soksi imeungua."

"Hiyo 'hata kidogo' yako ndiyo mbaya," alisema. "Sukari imeshaua hisia za mguu."

Gari la Barry likaja taratibu, karavani nyuma yake. Glenys akateremsha kioo.

"Shoga, unakuja?"

Clive aliinamisha kichwa. Hakusema neno la kumzuia, na Merle aliliona hilo. Alisimama pale jua likimpiga utosini, akiwa hana hakika na lolote.

"Tangulieni," alisema hatimaye. "Barry, teremka kwanza utusaidie kuiachanisha karavani na pikapu. Itabaki hapa. Nampeleka hospitali."

Aliendesha yeye. Clive alikaa pembeni, mguu umefungwa taulo safi, kalamu zake zimo kwenye boksi la barafu mapajani.

"Umenisamehe?" Clive aliuliza.

"La."

"Utanisamehe?"

"Usiniulize nikiendesha."

Hospitali ya Katherine iliwapokea haraka. Daktari kijana alikata nyama iliyokufa kwenye kidonda, akakisafisha, akasema wangechelewa wiki moja wangekuwa wanaongea habari za kukata kidole, pengine mguu. Kisha akaja muuguzi, mama mnene mwenye miwani, akiwa na trei ya bandeji. Alimpita Clive akamgeukia Merle, kama wauguzi wote wanavyofanya.

"Njoo karibu, mama, nikuonyeshe. Kitasafishwa asubuhi na jioni. Utavaa glovu, utaanza na maji ya chumvi."

Merle aliitazama ile trei. Mikono yake ilijua kila kitu kilichokuwamo, na kwa muda mfupi alihisi mlango uko wapi nyuma yake na ni hatua ngapi kuufikia. Clive alikuwa anamtazama.

"Mwonyeshe yeye," Merle alisema. "Mimi ni mke wake. Si muuguzi wake."

Muuguzi akababaika kidogo, kisha akaisogeza trei mbele ya Clive. Mzee akavaa glovu kinyume, akavua, akavaa tena. Akaanza kuosha kidonda ambacho hata hakukisikia.

Merle alivuta kiti, akaketi pembeni ya kitanda, mkoba wake mapajani. Hakumsaidia. Alingoja hadi bandeji ilipozungushwa mara ya mwisho na kufungwa, akaitazama vizuri.

"Imelegea," alisema. "Fungua. Anza upya. Mimi nipo."