Vicheko vya Jumamosi

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mnaosoma mbali na kwenu, kaeni niwasimulie yaliyoipata nyumba ya jirani zangu. Wenyewe wameniruhusu. Ukuta wangu na wao ni mmoja, kwa hiyo mengine niliyasikia kwa masikio yangu, na yaliyobaki waliniambia walipopata nguvu ya kuyasema.

Jumamosi katika nyumba ile ilikuwa siku ya raha. Mama wa nyumba ni fundi cherehani na chumba chake cha mbele ndicho kazini kwake. Cherehani iko karibu na dirisha, vitambaa vya wateja vimekunjwa kwenye rafu, na chini kumejaa vipande vya nyuzi ambavyo hata afagie vipi haviishi. Mumewe ni dereva wa lori la masafa marefu, mtu wa kuja na kuondoka. Mtoto wao ni mmoja tu, binti. Sisi majirani tulimwita Chiriku tangu mdogo, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Ukimtuma chumvi dukani alirudi na habari za mtaa mzima, na chumvi amesahau.

Chiriku alipopata nafasi chuoni kusomea kazi za maabara, alikuwa wa kwanza katika ukoo wao wote. Baba yake alitembea amevimba kichwa, na nani angemlaumu. Mwaka wa kwanza ulikwenda vizuri. Katikati ya wiki binti alikuwa kwenye midahalo na kwaya ya chuo, na mwisho wa wiki alitoka na kundi la matembezi, wanafunzi waliopenda kupanda vilima na kwenda kuogelea. Kila Jumamosi mchana alimtumia mama yake ujumbe wa sauti. Mama alisimamisha cherehani, akaongeza sauti ya simu, na sote tuliokuwepo tukasikiliza: leo tuko bwawani, maji ni baridi, fulani ameanguka na viatu vyake. Nyuma ya maneno yake ungesikia vijana wenzake wakicheka. Wateja nao walicheka bila kujua wanachekea nini.

Baba naye alikuwa akitumiwa jumbe zile. Aliwasikilizisha madereva wenzake kwenye vituo vya mapumziko, na wao wakampigia makofi.

Mwaka wa pili ulipofika, jumbe ziliendelea kuja, tena kwa wakati ule ule. Lakini picha zilizokuwa zikiambatana nazo hazikuja tena. Chiriku alisema kamera ya simu imeharibika. Sauti yake ilikuwa ile ile, maneno yalikuwa ya kwake, ila aliyatamka kama mtu anayesoma tangazo. Mimi sikuona kitu. Nilidhani binti amekua, ameacha utoto.

Mchana mmoja wa Jumamosi, mama yake alikuwa peke yake, anapinda upindo wa gauni kwa mkono. Mashine ilikuwa imenyamaza na mtaa umetulia kwa joto. Ujumbe ukaingia. Chiriku alisema wako mlimani, upepo ni mkali, wenzake wote wapo. Kisha vicheko vikafuata. Kwanza alicheka kijana mwenye sauti nzito, halafu msichana mmoja ambaye kicheko chake kilipanda juu na kukatika ghafla, kisha mtu akakohoa, kisha wakapiga makofi.

Mama aliacha kushona. Vicheko vile alikuwa amevisikia mahali. Akafungua ujumbe wa wiki iliyopita, ule wa bustanini. Sauti nzito, kicheko kilichokatika, kikohozi, makofi. Akafungua wa kabla ya huo, wa bwawani. Sauti nzito, kicheko kilichokatika, kikohozi, makofi.

Aligonga ukutani akaniita. Nilipoingia hakunisalimu, alininyooshea simu tu. Tulisimama pale chumbani tukisikiliza, ujumbe mmoja baada ya mwingine, na nawaambia ukweli, nywele zilinisimama. Mahali palibadilika, hali ya hewa ilibadilika, lakini wale watu walicheka kwa mpangilio ule ule na yule mmoja akakohoa pale pale.

Nilimwambia labda ni hitilafu ya simu. Alitikisa kichwa.

"Simu inaweza kukosea, jirani," alisema. "Lakini tangu lini mwanangu akanyamaza ili watu wengine wacheke?"

Akampigia. Simu iliita hadi ikakatika. Baada ya muda ukaja ujumbe wa maandishi: Niko darasani, mama. Ilikuwa Jumamosi, na muda mfupi uliopita alikuwa mlimani.

Wiki ile mama alishona vibaya. Aliunga mikono ya gauni la mteja kinyumenyume ikabidi afumue. Hakumwambia mumewe kwa sababu, kama alivyosema, hakujua amwambie nini. Jumamosi iliyofuata alifunga mlango asubuhi na mapema, akapanda basi kwenda chuoni bila kumwarifu mtu yeyote isipokuwa mimi.

Alifika jua likiwa limepanda. Kwenye lango la chuo aliwakuta vijana wamekusanyika kando ya basi dogo, na mikoba mgongoni na chupa za maji mikononi. Aliuliza kama ndio kundi la matembezi. Walimwamkia kwa adabu, wakasema ndio, walikuwa wanamsubiri dereva. Moyo wake ukatulia kidogo. Akamuulizia binti yake.

Vijana walitazamana. Kiongozi wao, kijana mrefu mwenye sauti nzito, alisema kwa upole kwamba yule dada hayuko nao siku nyingi. Walisikia ameacha masomo akarudi kwao kumuuguza mama yake.

"Mama yake hali ilikuwa mbaya sana," kijana aliongeza. "Tulisikia huenda ameshafariki."

"Mama yake ni mimi," alisema.

 Msichana mmoja alirudi nyuma hatua, kama mtu aliyeona kitu kisichotakiwa kuonekana. Na hapo hapo simu ya mama ikalia mkononi mwake. Ujumbe wa sauti. Aliufungua mbele yao.

"Mama, ndio tunapanda basi sasa hivi," sauti ya Chiriku ilisema. "Leo tunakwenda mbali kidogo. Wenzangu wote wako hapa, hebu wasikilize."

Na vicheko vikaja. Sauti nzito ikacheka kutoka kwenye simu, na kijana mwenye sauti ile alikuwa amesimama mbele yake, midomo imefumbwa, rangi imemtoka. Kicheko cha msichana kikapanda kikakatika. Kikohozi. Makofi. Vijana wale walijisikia wenyewe wakicheka wakati hakuna hata mmoja aliyekuwa anacheka. Mama hakuwauliza kitu zaidi. Aliuliza tu bweni la wasichana liko wapi.

Mlezi wa bweni alikuwa mama wa makamo, mtu wa funguo na ufagio. Alisema chumba cha Chiriku hakina mtu. Mwenzake alihamia chumba kingine muhula ulipoanza, na yeye Chiriku aliaga kwamba anakwenda kuuguza, akabaki na ufunguo wake. Hata hivyo alichukua funguo akaongoza njia. Mwisho wa wiki bweni huwa tupu. Walipita kwenye ukumbi mrefu wenye milango iliyofungwa pande zote mbili, nguo zimeanikwa kwenye madirisha, na kila walipokanyaga, nyayo zao zilisikika kama za watu wengi zaidi.

Karibu na mwisho wa ukumbi, mlezi alisimama akamshika mama mkono. Kutoka nyuma ya mlango wa mwisho, chumba kilichosemekana hakina mtu, kulisikika kundi zima la watu wakicheka.

Mlezi alianza kunong'ona dua. Mama aliutoa mkono wake taratibu, akausogelea mlango na kugonga. Vicheko vikakatika katikati. 

"Mwanangu, ni mimi," mama alisema. "Sikuja kukuuliza masomo. Nimekuja kukuona wewe tu."

Mlango haukufunguka. Mama aliketi sakafuni, akaegemea mlango, akaanza kumweleza habari za nyumbani: mteja aliyenenepa akadai gauni ndilo lililopungua, paka wa jirani aliyezalia kwenye kapu la vitambaa. Alizungumza hivyo hivyo, bila haraka, mpaka kitasa kikageuka.

Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi. Katikati ya giza lile alisimama binti yake amevaa kofia ya jua, miwani myeusi na viatu vya kupandia mlima. Alikuwa amekonda hadi mifupa ya shingo ilihesabika. Kitandani kulikuwa na simu ya zamani aliyoitumia kuchezesha vicheko, na kando yake ile anayomtumia mama jumbe. Mama alimvua miwani. Macho ya Chiriku yalikuwa kama ya mtu ambaye hajaona jua kwa muda mrefu.

Mama alimuuliza kwa nini amevaa hivyo.

"Nikivaa, sauti inatoka vizuri," alijibu.

Kisha mama akamuuliza wanaocheka ni nani. Chiriku alikaa kitandani. Alieleza kwamba mwishoni mwa mwaka wa kwanza alifeli mtihani wa vitendo. Mikono ilimtetemeka, akavunja vyombo, akalia mbele ya msimamizi. Jumamosi iliyofuata alikwenda bwawani na wenzake kama kawaida, akawasha simu kurekodi furaha yao amtumie mama. Kijana mmoja alisimama akaanza kuigiza jinsi mtu alivyolia maabara, na wengine wakavunjika mbavu.

"Walikuwa wananicheka mimi, mama," alisema. "Na wewe ulifurahi ulipowasikia. Nikaona bora uendelee kufurahi."

Tangu hapo kwenda darasani kulimshinda. Nyumbani aliwaambia yuko chuoni, chuoni aliwaambia yuko nyumbani, na kila upande uliamini upande wa pili unamwona. Alitoka kununua mkate wakati wenzake wako darasani, akarudi, akafunga mlango. Alianza kwa kuficha aibu. Baadaye, alisema, ilifika mahali hata yeye mwenyewe hakuwa na hakika kama bado yupo. Alipovichezesha vile vicheko angalau chumba kilikuwa na watu.

Mama alimrudisha nyumbani siku ile ile. Kiongozi wa kundi la matembezi aliwakuta langoni. Basi dogo lilikuwa bado pale, hakuna aliyepanda. Alijaribu kuomba radhi kwa vicheko vya siku ile bwawani. Chiriku alimtazama akaitikia kwa kichwa tu. Miezi ilipita kabla binti hajaweza kumzungumzia kijana yule.

Hospitali walisema ni ugonjwa, tena una jina na una tiba. Alipewa dawa, akawa anakwenda kuzungumza na mshauri kila wiki. Chuo kilimruhusu apumzike mwaka mzima. Alilala sana. Siku za mwanzo mama yake alishona huku mlango wa chumba cha ndani uko wazi, ili kila mmoja asikie mwenzake yupo.

Baba alirudi safari akaambiwa yote. Alitoka nje akakaa ndani ya lori lake, injini imezimwa, mikono kwenye usukani. Nilimpelekea chai, ikapoa mbele yake. Ndipo akaniambia jambo ambalo mkewe hakulijua. Wakati wa ule mtihani, Chiriku alimpigia simu, yeye baba akiwa njiani na lori, na binti akaanza kusema ana jambo zito. Yeye alikuwa amechoka, magari nyuma yake yanapiga honi, akamwambia sisi huku tunataka kusikia habari njema, mengine yamalize huko huko. Akakata. Tangu hapo zikawa zinakuja habari njema tu.

Aliposhuka alikwenda moja kwa moja hadi kitandani kwa binti yake, akavuta kigoda, akakaa. Yule mwanamume ni mtu wa sauti kubwa, lakini siku hiyo nilimsikia kwa shida kupitia ukuta wetu.

"Ile siku uliponipigia," alisema, "ulitaka kuniambia nini?"

Chiriku alianza kusimulia. Hadithi ilikuwa ndefu, ilikatika mara nyingi kwa kilio, na kuna mahali ilirudi nyuma ikaanza upya. Baba yake hakumkatiza hata mara moja.

FUNZO

Ndugu zangu, mtoto aliye mbali anaweza kupotea huku simu yake inaendelea kuongea. Tusiridhike na picha, wala sauti, wala salamu za kila wiki. Tuwatembelee watoto wetu, tuwajue wanaoishi nao, na tuwe na nafasi ya kusikia habari mbaya. Mzazi anayetaka kusikia mazuri tu, atatengenezewa mazuri.

Na nyinyi wanafunzi, matembezi ya mwisho wa wiki ni mazuri, mzaha ni mzuri, lakini mwangalieni yule anayechekwa. Akiacha kuja, msiseme tulisikia amekwenda kwao. Nendeni mkagonge mlango wake. Na wewe uliyejifungia, ambaye umechoka kujifanya mzima, fungua kwa mtu mmoja tu unayemwamini, umwambie leo.