Taa Zilizomdanganya Boyd

Usiku, chini ya bahari, Osmel aliiacha kamba ya taa kwa ajili ya mtoto wa samaki asiyezidi kidole, mwili wake mwangavu kama kioo. Dada yake, Yanelis, alimwona akimkimbiza gizani, kamera usoni, akamfuata huku akimlaani moyoni. Katika mkondo huo, mbali na pwani ya Florida, wapiga mbizi wanaopiga picha usiku hawajifungi popote, huelea tu. Sharti ni moja tu: usiipoteze kamba ya taa inayoning'inia chini ya boya, maana boti hulifuata boya. Walipogeuka, hawakuiona.

Wakiwa wanapanda juu, yavuyavu, mnyama laini wa baharini mwenye nyuzi ndefu za sumu, alimchoma Osmel shingoni. Walipoibuka, midomo yake ilishaanza kuvimba. Upepo ulikuwa umelisukuma boya mbali, na boti ya Boyd, nahodha wao, ilionekana ikipotea nyuma ya kila wimbi. Sindano ya dawa ya mzio ilikuwa humo.

"Mulika kwa kamera," Yanelis alisema. "Ataona."

Osmel akamulika, tena na tena. Yanelis akawasha tochi zote, akapuliza filimbi mpaka mashavu yakauma. Boti haikusogea.

"Boyd kalala?"

"Boyd halali. Pumua polepole."

"Kwa pua ipi, dada? Zote zimeziba."

Nusu saa ikapita. Pumzi za Osmel zikawa zinakoroma, na Yanelis akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Ndipo akakumbuka siku alizobaki botini na Boyd, wakiitazama mimuliko majini na kuridhika. Maadamu wapiga mbizi wanamulika, ni wazima.

"Zima. Zima kila kitu."

"Una wazimu?"

"Anadhani tuko kazini, Osmel. Kila ukimulika unamwambia tuko salama."

Alimnyang'anya kamera, akazima tochi moja baada ya nyingine. Giza likawameza. Hakumwona tena kaka yake. Alimshika kwa mkanda wa mtungi wa hewa, akihesabu pumzi zake, na kila moja ilichelewa kuliko iliyotangulia.

Kisha injini ikanguruma. Ilipokaribia, aliwasha tochi, akapuliza filimbi.

Boyd alimvuta Osmel ndani, akamchoma sindano pajani. Polepole kifua kikafunguka. Osmel akajikunja sakafuni, akalia kama mtoto.

"Nilikuwa nawaona muda wote," Boyd alisema. "Nikasema leo wamepata picha. Nikajimiminia kahawa nyingine."

Yanelis alitafuta hasira ya kumjibu, akaikosa. Hata yeye angejimiminia.