Shahidi wa Rémy

— Allô, naongea na Madame Aimée?

Aimée aliweka mkasi chini, akafuta udongo mikononi kwa kitenge. Namba ilikuwa ya nje, na mwanamke aliyepiga alisema Kiswahili cha Nairobi.

— Ni mimi. Weye ni nani?

— Mimi ni mkalimani. Niko na afisa anayehakiki ujuzi wa wakulima wa maua wanaoomba viza ya kazi Australia. Bwana Rémy amekuandika kama shahidi wake.

Shahidi? Rémy alikuwa mume wake. Alikwenda Kampala miezi minane iliyopita kufuata dosiye yao wawili ya viza. “Sheri, fundi wa maua ni weye,” alimwambia siku ya kuondoka. “Utakuwa mbele kwa dosiye, miye nitakufuata kama bwana yako.” Aimée akabaki peke yake na bustani Rwambuzi, walikokimbilia vita, akamtumia kila alichoomba: picha za mawaridi, barua ya parokia, daftari lake la kupandikiza vikonyo.

— Anasema ameendesha bustani hiyo miaka saba, na wewe ulikuwa mfanyakazi wake. Ni kweli?

Aimée alitazama mistari ya mawaridi. Siku kijiji chao kule Djugu kilipochomwa na waasi, wengine walikimbia na magodoro. Yeye alikimbia na vikonyo vya waridi, vijiti vya kupandikiza, ndani ya kitambaa chepechepe.

— Munipigie kesho, mama. Tafazali.

Akamwandikia Rémy: “Umeandika miye mufanyakazi yako. Na bibi yako umeandika nani?”

Simu ililia palepale.

— Aimée, sikiliza. Pasipoti yako iliungua kule Djugu. Tungengojea upate ingine, dosiye ingekufa. Nikifika kule nitakuita.

— Umeandika nini kwa nafasi ya bibi?

Rémy alianza kueleza bei ya vyumba vya Kampala.

— Rémy.

— Célibataire. Wanasema inaenda mbio kama hauna muke.

— Mutu hana muke, ataita muke gani?

Nyuma ya Rémy mwanamke alicheka, akauliza kama chakula kiletwe. Rémy akafunika simu, lakini alichelewa.

— Ni nani huyo?

— Aimée, kesho sema ndiyo. Neno moja tu. Ama unataka nirudie mu vita nikufe?

Akakata. Aimée alikaa chini kati ya mawaridi. Mama Hortense, anayefunga mataji ya maua ya mazishi, alimkuta hapo.

— Mutoto yangu, nahitaji meupe mengi leo. Waasi walishambulia tena njia ya Djugu. Mbona unalia?

Aimée akamweleza yote.

— Unamupenda bado?

— Nikikula, naweka sahani yake. Kila siku, mama. Miezi munane.

Hortense alichukua mkasi, wakakata maua pamoja mpaka ndoo ikajaa.

Kesho yake simu ililia saa nne asubuhi.

— Madame, umejiandaa kujibu?

— Ndiyo. Rémy alikuwa anateka maji na kupeleka maua kwa wateja. Ni mutu wa nguvu, hakuwa muvivu. Lakini bustani ni yangu. Kazi ya maua ninaijua miye, yeye hapana. Na miye ni bibi yake.

Minong'ono ya Kiingereza ilipita.

— Unaelewa kwamba ombi lake linaweza kukataliwa?

— Naelewa.

— Afisa anauliza: kwa nini wewe mwenyewe hukuomba?

— Nilifikiri niliomba.

Mkalimani akaeleza polepole kwamba Aimée anaweza kuanza ombi lake mwenyewe: pasipoti, mtihani wa Kiingereza, vithibitisho vya kazi. Hakuahidiwa kitu.

Jioni Rémy aliandika: “Umeniua.”

Aimée akajibu: “Sikukuua. Ukitaka kurudi, mulango uko wazi. Lakini urudi kama bwana yangu, si kama patron yangu wa kazi.”

Alama mbili za bluu zikatokea: ameusoma ujumbe. Hakujibu siku ile, wala wiki ile, wala mwezi ule.

Masika yalipoisha Aimée alikuwa na pasipoti mpya, na maneno ya Kiingereza aliyokuwa akiyarudia peke yake huku akipalilia. Alipojaza fomu yake ya viza, karani alimwonyesha nafasi moja aliyoiruka.

— Hapa, mama. Mutu wa kuita ukipata shida.

Aimée alishika kalamu muda mrefu, kisha akamrudishia karani. Watu wakajaa nyuma yake kwenye foleni.

— Nani, mama?

— Andika Hortense, akasema. Lakini usimuite. Atalia.